Joto la usiku: Unalalia nini?

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapoanza kunyesha, wakazi wa Voi, Mwatate na sehemu nyingine za tambarare ya Taita Taveta huwa na malalamiko yale yale: usiku hawalali. Mtu huingia kitandani saa nne, akageuka huku na huku, na ifikapo saa nane shuka imelowa na godoro limepata moto kana kwamba lilianikwa juu ya bati. Asubuhi huenda kazini akiwa mchovu kuliko alivyolala.

Katika miaka ya karibuni wauzaji wa magodoro mijini wameleta kitu wanachosema ndicho dawa ya tatizo hili. Ni kigodoro chembamba, cha unene wa inchi moja hadi tatu, kinachotandikwa juu ya godoro la kawaida. Wao hukiita topa. Vingine husemekana kuwa na jeli ya kupoza, vingine vimetengenezwa kwa mpira wa asili, na bei ya baadhi yake huweza kukaribia ya godoro zima. Kabla ya kutoa pesa, ni vizuri mnunuzi aelewe vitu hivi hufanya nini na haviwezi kufanya nini.

MWILI HUTAFUTA NJIA YA KUTOA JOTO

Mwili wa mtu mzima aliyelala huendelea kutoa joto usiku kucha. Kiasi chake ni wati 70 hadi 80 hivi, yaani sawa na ile balbu ya zamani ya wati 75. Wakilala wawili, ni balbu mbili zimewashwa chini ya shuka moja, na mtoto akija katikati huwa ya tatu, japo ndogo.

Usingizi unapokaribia, mishipa midogo ya damu katika viganja na nyayo hutanuka. Damu yenye joto huja karibu na ngozi na joto hutoka nje. Ndiyo sababu mtoto anayesinzia ukimgusa mikono utamkuta ana joto, ingawa hana homa. Joto la ndani ya mwili hushuka kwa kiasi cha nusu nyuzi hadi nyuzi moja ya sentigredi, na hufika chini kabisa saa chache kabla ya mapambazuko. Njia hiyo ya kutoa joto ikizibwa, usingizi huchelewa, na hata ukija huwa wa kukatikakatika.

Njia nyingine ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la kilokalori 580 hivi, ambalo si dogo. Lakini neno muhimu hapo ni kukauka. Jasho lililokwama kati ya mgongo na godoro halipozi chochote. Huwa ni maji tu yanayosumbua. Hapa watu wa Voi na Mwatate wana nafuu kuliko ndugu zao wa Mombasa. Hewa ya pwani imejaa unyevu na jasho hukauka kwa shida, ilhali hewa ya nyika ni kavu zaidi na jasho hukauka upesi, mradi tu hewa yenyewe iweze kufika kwenye ngozi. Mtu wa Voi anayeloa jasho usiku kucha basi ana sababu ya kushuku kitanda chake kabla ya kulaumu hali ya hewa.

SPONJI NA MILIMA

Magodoro mengi tunayolalia leo ni ya sponji, yaani poliurethani, kemikali ambayo ilitokana na utafiti wa Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Sponji ni vijumba vidogo vidogo vya hewa. Ni nyepesi, ni rahisi, na haipitishi joto. Ndugu yake aliye mgumu ndiye anayejazwa katika kuta za friji ili joto la nje lisiingie ndani. Anayelala juu ya sponji, basi, amelaza mgongo wake juu ya kitu cha jamii ile ile inayotumiwa kuzuia joto lisipite.

Jambo hili lina faida mahali pa baridi. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Voi iko karibu mita 600. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya miji hii miwili huwa kuna tofauti ya nyuzi 4 au zaidi, ingawa ni safari ya muda mfupi tu kwa matatu. Mwatate iko chini ya milima, pale barabara ya kupanda Wundanyi inapoachana na ile ya Voi na Taveta. Wafanyakazi wengi huteremka kutoka milimani kuja kukaa huku chini wakiwa na godoro nene la sponji na blanketi zito walilozoea nyumbani. Vitu hivyo vilivyowafaa kule juu ndivyo vinavyowanyima usingizi huku.

Kuna na lile karatasi la nailoni. Godoro jipya hutoka kiwandani limefungwa kwa nailoni, na katika nyumba nyingi nailoni hiyo haiondolewi kamwe. Sababu inaeleweka: godoro ni mali, na mwenyewe hataki lichafuke. Hata hivyo nailoni haipitishi hewa wala haifyonzi jasho, na anayelala juu yake, hata akitandika shuka mbili, ni kama amevaa koti la mvua mgongoni. Kabla ya kununua chochote cha kupoza, ondoa nailoni hiyo na ulale siku tatu. Wengine wataishia hapo na pesa zao zitabaki mfukoni. Kama kuna mtoto anayekojoa kitandani au mgonjwa, weka mpira sehemu ile tu inayohitajika, na juu yake taulo nene la pamba.

Chunguza pia kitanda kilivyo chini. Godoro lililo juu ya mbao zilizoachana hupata hewa kwa chini. Lililo juu ya ubao mmoja mpana au sakafuni halipati. Vitanda vya kamba vya mababu wa pwani vilijua jambo hili zamani: hewa ilipita kwa juu na kwa chini, na aliyelala alikuwa kama ananing'inia. Si ajabu wazee wengi walikataa godoro wakati wa kaskazi, wakatosheka na mkeka juu ya kamba.

JELI, MEMORI NA NTA

Sasa tuje kwenye topa zenyewe.

Aina inayotangazwa sana ni ile ya sponji iitwayo memori. Ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost, akifanya kazi kwa mkataba wa shirika la anga la Marekani, NASA, akitafuta namna ya kuboresha viti vya ndege. Sifa yake ni kwamba hulainika kwa joto la mwili, ikabonyea na kufuata umbo la mtu. Mwenye maumivu ya nyonga au mabega huipenda. Lakini kwa mtu wa joto sifa hiyo hiyo ndiyo ila yake: mwili huzama, sponji hukumbatia mbavu na mapaja, na sehemu ya ngozi inayoguswa na hewa hupungua. Kwa maoni yetu, aliye na tatizo la joto asinunue memori ya kawaida kwa ajili ya kupoa, hata akiahidiwa nini.

Watengenezaji walipogundua malalamiko hayo walitia jeli. Ukiweka kiganja juu ya topa ya jeli dukani utahisi ubaridi, na muuzaji hatakuwa amekudanganya. Jeli hupokea joto la mkono wako upesi kuliko sponji, kama vile bati au sakafu ya saruji inavyohisiwa kuwa baridi kuliko mbao ingawa vyote viko chumba kimoja. Lakini jeli ina kikomo cha joto inaloweza kubeba. Ikishapata joto sawa na la mwili, ubaridi umekwisha, na lazima itoe joto hilo mahali pengine ndipo ipoe tena. Iliyo chini yake ni sponji isiyopitisha joto, na iliyo juu yake ni wewe. Jaribio la kiganja dukani huchukua nusu dakika, nawe utalala saa saba.

Aina ya gharama zaidi hutiwa nta maalum inayoyeyuka kwenye nyuzi 28 hadi 32 hivi. Inapoyeyuka humeza joto bila yenyewe kuzidi kupata moto. Anayetaka kuelewa atazame chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta hayo huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na ndiyo maana Wundanyi mwezi wa Julai huyakuta yamekuwa meupe na magumu, ilhali Voi mwezi wa Februari ni maji. Nta ya topa ni vivyo hivyo, ila kiwango chake kiko juu kidogo. Ili ifanye kazi kesho ni lazima igande tena leo. Katika chumba cha bati kisicho na dari, ambacho jioni nzima kimekaa juu ya nyuzi 30, utaikuta nta imeshayeyuka kabla hujapanda kitandani. Vitu hivi vilibuniwa vikifikiriwa vyumba vyenye mashine za kupoza hewa au usiku wa nchi baridi. Huko vina manufaa. Huku kwetu manufaa yake ni haba.

Zipo pia topa zenye mabomba membamba ya maji yanayozungushwa na pampu ya umeme. Hizo hupoza kweli kweli kwa sababu huondoa joto kitandani na kulipeleka kwingine. Lakini bei yake ni kubwa, na umeme ukipotea usiku unabaki umelalia mabomba.

Topa ya mpira wa asili, ule unaotokana na utomvu wa mti, hutengenezwa ikiwa na matundu mengi yaliyotobolewa kutoka juu hadi chini. Hubonyea kidogo tu na hurudi upesi, kwa hiyo mtu hazami. Kati ya zote za dukani zisizo za umeme, hii ndiyo tungeielekezea macho kwanza, hasa ya inchi mbili au chini ya hapo. Mwenye mzio wa mpira aiepuke.

MKEKA, MKONGE NA SUFI

Wachina, Wajapani na Wafilipino hutandika mkeka juu ya godoro wakati wa joto, wa mianzi, wa nyasi au wa majani ya aina ya mikindu, na wakati wa baridi huukunja wakauweka. Watu wa pwani yetu wamefanya hivyo kwa ukindu na miaa tangu zamani. Sababu za mkeka kusaidia si za uchawi. Ni mgumu kiasi, kwa hiyo mwili hauzami. Ufumaji wake huacha vijinjia vya hewa kati ya ngozi na godoro. Aidha ni mwembamba, na haubebi joto la kutosha kukuchoma. Mtu anayelalamikia joto aanze na mkeka laini wa ukindu juu ya godoro lake, na juu ya mkeka atandike shuka moja nyepesi ya pamba. Ni topa ya bei nafuu kuliko zote na haina maneno mengi.

Mkonge nao uko mlangoni. Anayepita Mwatate huona mashamba ya Teita Estate yakienea pande zote, safu kwa safu. Nyuzi zake hutumiwa hata katika magodoro ya ng'ambo, ambako huwekwa kama tabaka gumu juu ya springi, na akina mama wa Taita husuka vikapu kwa nyuzi hizo hizo. Mkonge hufyonza unyevu wa hewa na kuutoa, na ni mgumu kiasi cha kuacha nafasi ya hewa. Lakini unachoma. Kitambaa cha mkonge hakifai kuguswa na ngozi tupu. Kikitumiwa kiwe katikati, chini yake godoro, juu yake pamba nzito. Makumbi ya nazi yaliyoshikizwa kwa mpira hufanya kazi ile ile kwa ulaini kidogo zaidi, na aliye tayari kubadilisha godoro zima atafute la makumbi lililofunikwa kwa tabaka jembamba tu la kitu laini.

Sufi ni jambo jingine. Wengi huamini godoro la sufi ni la baridi kwa kuwa ni la asili. Unywele wa sufi ni mrija mtupu uliojaa hewa na hauingizi maji, ndiyo maana zamani ulijazwa katika maboya ya kuokolea watu baharini. Kitu kilichojaa hewa tuli namna hiyo hutunza joto. Sufi ni laini, ni nzuri kwa mito, lakini kwa mtu wa joto haina ubora juu ya sponji zaidi ya kwamba inaweza kufumuliwa na kuanikwa.

Kuhusu shuka, pamba tupu na nyepesi ndiyo bora. Shuka zinazong'aa na kuteleza, nyingi zake za polista, hazifyonzi jasho. Leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, hushinda shuka nyingi za bei ghali.

JASHO AMBALO SI LA GODORO

Kuna jasho lisiloondolewa na kitanda chochote, na hapa msomaji atulie asome taratibu. Mtu anayelowesha shuka hata usiku wa baridi, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au anayekonda bila sababu, aende hospitalini apimwe kifua kikuu. Uchunguzi upo katika hospitali za serikali, ikiwemo ile ya rufaa ya Moi mjini Voi, na matibabu ya ugonjwa huu katika hospitali za umma ni bure. Jasho linalokuja baada ya kutetemeka kwa baridi na kuumwa kichwa laweza kuwa malaria, ambayo tambarare za Voi na Taveta zinaijua vizuri.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge akiamka usiku amelowa, moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka, huenda sukari yake imeshuka mno. Apime mara moja, na kama hana kipimo ale au anywe kitu chenye sukari, kisha amweleze daktari. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi pia huleta joto na jasho, na kadhalika baadhi ya dawa za kutibu mfadhaiko.

Wanawake walio kati ya miaka 45 na 55 hupatwa na mawimbi ya joto wakati hedhi inapokoma. Wimbi huja ghafla, hukaa dakika chache, kisha huacha baridi. Kwao topa husaidia kidogo tu. Husaidia zaidi kulala na nguo nyepesi na mashuka mawili membamba badala ya blanketi moja, ili moja liondolewe na kurudishwa. Mawimbi yakizidi, kuna tiba, na daktari ataieleza.

Mtoto mchanga asiwekewe topa yoyote, ya kupoza wala ya joto. Alazwe chali juu ya godoro gumu lililonyooka, kwa kuwa kitu laini chaweza kumziba pumzi. Na chandarua kisiondolewe kwa kisingizio cha joto. Ni kweli kwamba hupunguza upepo kidogo, lakini feni ikielekezwa kitandani hupenya, na usiku mmoja wa mbu hugharimu kuliko usiku mmoja wa jasho.

UKIAMUA KUNUNUA

Usitosheke na kiganja. Omba kulala juu ya topa ikiwa juu ya godoro la sponji kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha inuka uguse pale ulipolala. Kama pamepata moto na panabaki hivyo, ndivyo patakavyokuwa usiku. Muuzaji anayekataa jambo hilo amekujibu. Weka mdomo kwenye kitambaa cha juu na upulize. Pumzi isipopita, jasho halitapita. Dondosha tone la maji kwenye kona: likisimama kama juu ya jani la mgomba, kitambaa hicho hakifyonzi. Uliza kama ganda lake lina zipu ya kulivua na kulifua, maana topa isiyofulika itanuka kabla ya mwaka kwisha. Tena pima godoro lako kwanza. Kama limebonyea katikati, topa itabonyea nalo, na mtu ataendelea kuzama katika shimo lile lile.

Ukifika nayo nyumbani iache wazi dirishani siku nzima ili harufu ya kiwandani itoke. Kila wiki iinue ikapigwe na upepo pande zote mbili, na jasho likizidi usitandike kitanda mara tu unapoamka. Acha shuka wazi hadi unapotoka kwenda kazini. Sponji na mpira viwekwe kivulini, kwani jua kali huvipasua, lakini mkeka, mkonge na sufi vipelekwe juani bila huruma. Mkeka upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu na ukaguliwe kwenye pindo, ambako kunguni hupenda kujificha. Wakionekana, maji yanayochemka yamwagwe polepole juu ya pindo hizo, kisha mkeka uanikwe hadi ukauke kabisa kabla ya kurudishwa kitandani.